Lugha ya Ankara ya Damu: Uhakiki wa Tafsiri Mbili za Misimbo Tisa

Makusudi ya makala hii ni kuzipima tafsiri mbili za Kiswahili za maandishi mafupi mno: mistari tisa ya misimbo itumiwayo nchini Marekani kudai malipo ya kazi ya kutayarisha seli shina za damu kabla ya kutiwa katika mwili wa mgonjwa. Tafsiri ya kwanza ilitolewa na mashine iliyomo katika simu ya kijana mmoja. Ya pili niliifanya mimi mwenyewe, kwa haraka, usiku mmoja. Zote mbili zilisomwa mbele ya kikao cha ukoo katika kijiji kimoja karibu na Soni, wilayani Lushoto, na zote mbili zilikosea. Kwa kuwa kosa la pili ni langu, nadhani ninayo haki ya kulieleza bila kumwonea mtu.

Habari yenyewe ni hii. Ndugu yetu mmoja aishiye Marekani alipatwa na saratani ya seli za uloto, ile iitwayo mayeloma. Matabibu wake walimtibu kwa seli zake mwenyewe: walizikusanya kutoka katika damu yake, wakaziweka katika baridi kali, wakampa dawa yenye nguvu ya kuua saratani, dawa ambayo huuharibu pia uloto wa mgonjwa, kisha wakazirudisha zile seli kwa njia ya mshipa ili zijenge damu upya. Bima yake ililipa sehemu kubwa ya gharama, lakini sehemu iliyombakia ilimlemea. Ukoo ukakutana ili kumchangia. Baba yangu mdogo alikuwa tayari kuuza kipande cha shamba lake la bondeni, alimolima kabichi na karoti, na kila ajuaye milima ya Usambara anafahamu maana ya mtu kuuza shamba la bondeni. Lakini kabla ya kuuza alitaka kujua alipacho. Hilo lilikuwa dai la haki, na ndilo lililotufikisha katika tafsiri.

I. Maandishi yenyewe

Misimbo hii imo katika kitabu cha Chama cha Madaktari cha Marekani. Kitabu hicho kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1966, na tangu toleo lake la pili la mwaka 1970 kila kazi ya tabibu hupewa tarakimu tano. Sehemu inayotuhusu ni tokea 38207 hata 38215. Kabla yake ipo 38206, ambayo ni kazi ya kukusanya seli za mgonjwa mwenyewe kutoka katika damu yake, na baada yake ipo 38241, ambayo ni kazi ya kumrudishia seli hizo. Seli zikiwa za mtu mwingine, misimbo ya kazi hizo mbili huwa 38205 na 38240. Mistari tisa iliyo katikati ni kazi za maabara: kuhifadhi, kutoa baridini, kusuuza, na kuondoa kile kisichotakiwa.

Mambo matatu katika muundo wa maandishi haya yafaa kuangaliwa na mtu wa lugha.

La kwanza ni nukta-mkato. Maneno ya kichwa, ambayo maana yake ni matayarisho ya seli ziumbazo damu kwa ajili ya upandikizaji, huandikwa mara moja tu katika msimbo wa kwanza, kisha hufuata nukta-mkato. Misimbo minane inayofuata husogezwa ndani kidogo, na msomaji hutazamiwa kuyarudia moyoni maneno yote yaliyotangulia ile nukta-mkato. Asiyeijua kanuni hiyo huuona mkia asimwone mnyama.

La pili ni ufupi. Ankara haichapishi maneno kamili, bali maelezo ya herufi zisizozidi 28, hata maneno mengine hunyofolewa vokali ili yaenee. Katika ufupisho huo, msimbo 38208, ambao kwa ukamilifu ni kutoa seli baridini bila kuzisuuza, husomeka kama kutoa baridini tu. Na 38209, ambao ni kutoa baridini pamoja na kusuuza, husomeka kama kusuuza tu. Matokeo yake ni kwamba kazi mbili zilizo badala ya kila mmoja, yaani hii au ile, huonekana kama hatua mbili zifuatanazo, hii na ile. Msomaji wa Kiingereza naye hudanganyika hapo. Kwa hiyo mfasiri asidhani kwamba maandishi ya asili ni maji safi na kwamba tope lote limetoka katika Kiswahili.

La tatu ni kanuni iliyoandikwa juu ya misimbo hii katika kitabu: kila msimbo hudaiwa mara moja tu kwa siku, hata wingi wa seli zilizoshughulikiwa uwe namna gani. Mifuko iwe miwili au saba, siku ni moja na dai ni moja. Kanuni hii haichapishwi katika ankara. Nitairudia mwishoni, kwa maana ndiyo iliyotupa faida.

II. Tafsiri ya mashine

Kijana wetu aliipiga picha ankara, akaipa simu yake, nayo ikamjibu papo hapo. Akasimama akasoma: "Kodi 38207, kugandisha seli za damu." Mzee mmoja akamkatiza, akauliza kwa nini mgonjwa atozwe kodi na serikali ya huko hali hakufanya biashara.

Kosa hili la kwanza ni dogo, lakini linafundisha. Mashine haikuliandika neno kodi. Ni kijana aliyelitamka vile, kwa kuwa sauti ya neno la Kiingereza ikipita katika kinywa cha Mswahili hupata irabu ya mwisho na kuwa kodi. Lugha yetu hukopa kwa njia hiyo kila siku, wala si aibu. Ila mkopo huu unakikuta kiti kimekwisha kaliwa: kodi ni fedha ya serikali au ya mwenye nyumba. Neno msimbo ndilo linalofaa, nalo limekwisha kuzoewa na watu wa kompyuta. Ikiwa latisha, basi na isemwe "namba ya kazi", na kila mtu aliyewahi kupeleka baiskeli kwa fundi ataelewa.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Kitenzi kuganda katika Kiswahili hubeba mambo mawili ambayo Kiingereza huyatenga. Maji huganda kwa baridi. Maziwa huganda yakawa mgando. Mafuta ya nazi huganda asubuhi ya kipupwe. Lakini damu ikiganda, imekwisha kazi yake: ni damu ya jeraha, au ya maiti. Msikilizaji aambiwapo kwamba damu ya ndugu yake imegandishwa hafikirii barafu. Kisha mashine ikaongeza kwamba damu hiyo "iliyeyushwa". Mama mmoja muuguzi mstaafu aliyekuwapo akashika kichwa, akasema, "Kumbe alipatwa na kiharusi, nanyi mnatuficha." Hakukosa akili, alikumbuka kazi yake. Kuyeyusha damu iliyoganda ni tiba nyingine kabisa, ya kuzibua mshipa uliozibwa. Maneno mawili, kila moja sahihi katika kamusi, yaliungana yakamzulia mgonjwa ugonjwa asio nao.

Jambo la tatu ni lile la kuosha. Mashine ilisema "osha mavuno seli shina", na watu wakacheka, maana sentensi haikuwa na viungo. Lakini kicheko kilikoma upesi, kwa sababu Kiswahili hakiruhusu kuosha kuwe jambo la mzaha karibu na mwili wa mgonjwa. Lugha yetu ina vitenzi vingi vya kazi hii: mikono hunawishwa, mtoto huogeshwa, nguo hufuliwa, chombo husuuzwa, na maiti huoshwa. Kuosha hutumika kwa mengine pia, hilo halina shaka. Lakini kinapowekwa karibu na damu na mgonjwa, ile methali ya mwosha naye kuoshwa haiko mbali. Kazi yenyewe ya maabara ni ipi? Kabla ya kuwekwa katika baridi, seli huchanganywa na dawa izilindayo zisipasuliwe na barafu. Dawa hiyo ikiingia mwilini kwa wingi yaweza kumchafua mgonjwa moyo au kumletea madhara mengine; kwa ajili hiyo baadhi ya maabara huiondoa, pamoja na mabaki ya seli zilizopasuka, kwa kupitisha maji ya dawa na kuyamwaga. Basi hiyo ndiyo kusuuza. Sisafishi kilicho kichafu. Naondoa sabuni iliyobakia.

III. Tafsiri yangu

Kikao kilinigeukia. "Mwanangu," baba mdogo akasema, "wewe ndiwe uliyesoma ng'ambo habari za maneno. Lala nayo karatasi hii, kesho utusomee." Nikalala nayo, nikayatafuta maelezo kamili ya misimbo yote tisa, hata ile isiyokuwamo katika ankara, ili jamaa wajue kilichomo na kisichopasa kuwamo. Asubuhi nikasoma tafsiri ambayo niliiona safi. Haikuwa safi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mtindo. Niliandika "uhifadhi", "uyeyushaji", "usuuzaji", "upunguzaji", "ukolezaji". Ni maneno halali, nami huyatumia darasani. Lakini katika majina ya namna hii mtendaji hupotea na wakati hupotea. Kiingereza cha ankara hujificha hivyo kwa mazoea. Kiswahili cha watu huuliza, nani aliyefanya, kwa nini, lini. Ankara ni dai kwamba kazi imekwisha kufanywa. Nilipoiandika kama orodha ya majina nilikuwa nimeigeuza kuwa mtaala wa chuo.

Kosa la pili lilikuwa la sarufi, na ndilo linalonisikitisha, kwa maana ni kazi yangu kuliona. Msimbo 38208 niliufasiri hivi: "Uyeyushaji wa seli zilizohifadhiwa kwa baridi bila kuoshwa." Mwalimu mmoja kijana wa shule ya msingi akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo waliziweka chafu?" Nikaitazama sentensi upya. Maneno "bila kuoshwa" yanaweza kushikamana na uyeyushaji, yaani zilitolewa baridini pasipo kuoshwa. Au yanaweza kushikamana na zilizohifadhiwa, yaani tangu mwanzo ziliwekwa bila kuoshwa. Kwa kuwa kitenzi cha kutendwa hutafuta jina lililo karibu nacho, na jina lililo karibu ni seli zilizohifadhiwa, msomaji wa kawaida atashika maana ya pili, ambayo ndiyo potofu. Katika maandishi ya asili mkato hufanya kazi ya kuyatenga maneno hayo, mimi niliuacha. Na hata kama ningeuweka, mkato hausikiki mtu asomapo kwa sauti mbele ya watu arobaini. Maandishi yatakayosomwa kwa sauti hayana budi kufumwa kwa maneno, yasitegemee alama.

Kosa la tatu lilikuwa la neno kupunguza. Misimbo mitano, tokea 38210 hata 38214, hueleza kuondolewa kwa kitu fulani katika seli zilizokusanywa: seli T, seli za saratani, chembe nyekundu, chembe sahani, na utegili. Mimi niliandika kupunguza katika yote mitano. Mzee mmoja akasema, "Basi wamempunguza damu, kisha wanamdai malipo ya kumpunguza?" Alikuwa na haki. Kupunguza ni kufanya kitu kiwe kidogo, na aliyepunguziwa kwa kawaida ametendewa hasara, isipokuwa amepunguziwa bei. Neno hilo halisemi kwamba kilichoondolewa kilikuwa hakitakiwi. Kiswahili kinayo maneno yasemayo hivyo waziwazi: kuchambua, ambalo ni kutoa uchafu katika pamba au mawe katika mchele, kupepeta, ambalo ni kutenga wishwa na punje, kuengua, ambalo ni kuondoa utando wa juu wa maziwa. Kila moja lina tendo lake na chombo chake. Mfasiri asiyewahi kukaa jikoni hukimbilia neno la jumla, kisha hulilaumu Kiswahili kwa umaskini.

IV. Damu na hofu ya damu

Nimeliacha makusudi neno moja lililokuwamo katika tafsiri zote mbili: kuvuna. Wataalamu wa Kiingereza huita kukusanya kwa seli kuvuna, na seli zenyewe mavuno. Mashine ililifuata neno hilo, nami nikalifuata.

Msikilizaji wa kwanza kulipinga alikuwa bibi mmoja mkulima. Akauliza, "Aliyevuna alipanda lini?" Swali hili lilitosha kuliangusha neno. Kuvuna kwa Kiswahili ni haki ya aliyepanda. Avunaye asipopanda ni mwizi. Na katika habari ya damu, mwizi wa namna hiyo ana jina lake. Neno mumiani lilifika pwani kutoka Uajemi na Uarabuni, likiwa jina la dawa nyeusi. Baadaye likawa jina la watu wanaosadikiwa kuwavizia wenzao na kuwatoa damu ili itengenezwe dawa. Uvumi huo ulienea sana katika Afrika ya Mashariki wakati wa ukoloni, ukiwahusisha wazima moto, wauguzi na magari yao, na mwanahistoria Luise White ameuandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 2000. Sisemi kwamba wazee wa Soni wanaamini mumiani. Nasema kwamba lugha inakumbuka hata pale msemaji asipoamini. Anayeandika "kuvuna damu ya mgonjwa" katika hati ya kudai fedha ameufungua mlango ambao matabibu wamejitahidi miaka mingi kuufunga. Kukusanya kwatosha. Halidai chochote zaidi ya tendo lenyewe.

Kwa upande mwingine, si kila neno la shamba ni baya. Kupandikiza limekubalika nchini kote, na mkulima wa Lushoto analielewa kuliko mimi. Yeye hutofautisha mambo mawili: kubebesha, ambako kikonyo cha mti mmoja huunganishwa na shina la mti mwingine, kama wafanyavyo katika plamu na mapeasi, na kupandikiza, ambako mche hutolewa kitaluni ukapelekwa shambani. Nilipoeleza kwamba ndugu yetu alirudishiwa seli zake mwenyewe, baba mdogo akasema hiyo si kubebesha. Ni kung'oa miche, kuitunza mahali, kulisafisha shamba, kisha kuirudisha miche katika shamba lilelile. Sijapata kusikia maelezo mafupi kuliko hayo, wala sikuyaongezea kitu.

Kadhalika, Kiswahili kiliishinda Kilatini na Kiyunani mahali pamoja. Matabibu hutumia maneno marefu ya Kiyunani kutenga seli za mgonjwa mwenyewe na seli za mtu mwingine. Sisi twasema "zake mwenyewe" na "za mwingine", na hakuna aliyeuliza swali. Kwa jambo hilo hapana haja ya kuunda istilahi yoyote.

Kuhusu seli shina pana hoja. Wako wasemao seli mama. Mimi naliona shina kuwa bora, kwa kuwa mama huzaa aliye kama yeye, lakini shina hutoa matawi, majani na maua yasiyofanana nalo. Na seli hizi hutoa chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani. Kwa ile nyama laini iliyo ndani ya mfupa, uboho na uloto yote mawili yanasikika. Magazeti na hospitali zetu sasa yaelekea uloto, na mwandishi wa hati za hospitali afuate hilo. Lakini asilifute uboho, kwa kuwa huko vijijini ndilo liliwalo na supu.

V. Tafsiri inayopendekezwa

Baada ya kusahihishwa na kikao, niliyaandika upya maneno ya misimbo hiyo. Nimeyarudia maneno ya kichwa kila palipo na haja, kwa kuwa nukta-mkato haiwezi kuyabeba, nami nimetumia vitenzi badala ya majina.

38207. Kuziweka seli shina katika baridi kali na kuzitunza humo.

38208. Kuzitoa baridini seli shina zilizotunzwa na kuzipasha joto; hazikusuuzwa.

38209. Kuzitoa baridini seli shina zilizotunzwa na kuzipasha joto, kisha zikasuuzwa.

38210. Kuzichambua seli zilizokusanywa na kuondoa seli T.

38211. Kuzichambua seli zilizokusanywa na kuondoa seli za saratani.

38212. Kuzichambua seli zilizokusanywa na kuondoa chembe nyekundu.

38213. Kuzichambua seli zilizokusanywa na kuondoa chembe sahani.

38214. Kupunguza utegili ulio pamoja na seli zilizokusanywa.

38215. Kuengua utando wa chembe nyeupe ili seli zitakiwazo ziwe pamoja.

Msomaji ataona kwamba kupunguza limerudi katika 38214, na hapo ni mahali pake: utegili ni maji ya damu, nayo hupunguzwa ili kipimo kiwe kidogo. Kuengua katika 38215 hakukuwa tashibiha yangu. Damu ikizungushwa kwa kasi katika mashine, chembe nyekundu huzama, utegili huelea, na katikati hubaki utando mwembamba mweupe. Humo ndimo zilimo seli zitafutwazo. Kina mama wafugao ng'ombe waliniambia neno hilo kabla sijamaliza kueleza.

Pamoja na tafsiri niliandika sababu ya kila kazi, kwa sentensi moja moja. Seli T huondolewa ili seli za mtoaji zisiushambulie mwili wa mgonjwa. Chembe nyekundu huondolewa endapo kundi la damu la mtoaji halipatani na la mgonjwa. Kutokana na hayo baba mdogo akatambua mwenyewe kwamba misimbo ya mambo hayo haikutazamiwa kuwamo katika ankara ya mtu aliyerudishiwa seli zake. Akaitazama ankara, haikuwamo. Akaridhika kwa hilo. Kisha akaweka kidole juu ya karatasi akauliza, "Na hii 38208, mbona imo mara mbili, tarehe ileile?"

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile kanuni ya mara moja kwa siku. Seli za ndugu yetu zilikuwa katika mifuko miwili, nayo ilitolewa baridini siku moja. Tukamwandikia, naye akaiuliza hospitali yake, wakaufuta mstari mmoja. Fedha iliyopungua haikutosha kuyaondoa mashaka yote, na ukoo ulichanga hata hivyo. Lakini kipande cha shamba la bondeni hakikuuzwa.

VI. Kwa nini jambo hili ni letu

Yamkini mtu ataniambia kwamba hii ni ankara ya Marekani na shida ya Marekani. Sivyo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imewapandikiza watoto wenye selimundu tangu mwaka 2023. Ugonjwa huo ni wetu hasa: makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watoto 11,000 hivi huzaliwa nao Tanzania kila mwaka, nao huonekana zaidi mahali penye malaria nyingi. Kwa hiyo huko chini, Korogwe, Muheza na Handeni, ndiko wanakotazamiwa wengi kuliko huku juu milimani. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023. Bima yoyote huenda kwa orodha ya kazi na bei zake. Orodha hizo zitaendelea kurefuka, na kila mstari utakuwa na maneno. Swali lililopo ni moja tu: maneno hayo yatakuwa ya nani?

Taasisi zetu zimefanya kazi kubwa ya istilahi tangu ile Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, na kamusi za sayansi na za tiba zimechapishwa. Lakini istilahi hutungwa neno moja moja, na mgonjwa husomewa sentensi nzima. Kugandisha ni sahihi, damu ni sahihi, kugandisha damu ni kifo. Kuhifadhi, baridi, kuosha, yote ni sahihi; yakipangwa vibaya humfanya mtu asadiki kwamba ndugu yake ametiwa uchafu mwilini. Kamusi haiwezi kuyazuia hayo. Huzuiwa na mtu anayesoma tafsiri kwa sauti mbele ya wale watakaoilipia, akanyamaza, akasikiliza maswali yao.

Abdallah bin Hemedi alipoandika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho J. W. T. Allen alikihariri na kikatoka mwaka 1962, aliyaandika kwa Kiswahili mambo ya watu wa milima hii ambao lugha yao haikuwa Kiswahili. Aliwasikiliza kwanza, kisha akaandika. Wasambaa wanayo maneno mawili ambayo Steven Feierman ameyachunguza katika kitabu chake cha mwaka 1990: kubana shi, yaani kuiharibu nchi, na kuzifya shi, yaani kuiponya au kuitengeneza. Kikao kilipokwisha, mzee mmoja aliyekaa kimya siku zote mbili aliniuliza kama kazi zote zile tisa, jumla yake, ni kuzifya damu. Nikamjibu kwamba ndiyo, jumla yake ni hiyo. Akasema basi ingefaa hilo liandikwe juu kabisa ya karatasi, kabla ya namba.

Nimeliandika. Tafsiri yangu si ya mwisho, nami nawaomba wasomaji wa jarida hili, hasa walio karibu na hospitali, waisahihishe.